Jinsi ya Kuchagua Lenzi Pana ya Bei Nafuu kwa Ajili ya Picha za Anga la Usiku

Muuza kamera anapokusifia lenzi, aghalabu hutaja mambo matatu: fokasi ya kujiendesha iliyo ya haraka na isiyo na kelele, kituliza mtikisiko, na uwezo wa kuvuta taswira mbali na karibu. Yote matatu ni mambo mazuri kwa harusi, mpira na mbugani mchana, lakini kwa nyota hayana kazi, kwa sababu fokasi ya kujiendesha huhangaika gizani, kituliza mtikisiko hutakiwa kuzimwa kamera ikiwa kwenye stendi, na lenzi ya anga hukaa kwenye upana uleule usiku kucha. Anayepiga picha za nyota hununua vioo na tundu la kuingizia mwanga, basi. Ndiyo maana lenzi ya kuzungusha kwa mkono, yaani unayoifokasi mwenyewe kwa kuzungusha pete yake, ambayo wengi huipita dukani, inaweza kumfaa kuliko lenzi yenye bei mara tatu yake. Mwongozo huu umeandikwa hasa kwa mwenye kamera ya kawaida yenye kihisio (kile kibapa cha ndani kinachopokea mwanga) cha ukubwa wa APS-C, ulio mdogo kuliko kihisio kamili, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi mikononi mwetu, ingawa mwenye kihisio kamili cha milimita 36 kwa 24 naye atapata la kwake.

Hatua ya kwanza: itumie kwanza lenzi uliyo nayo

Kamera nyingi za APS-C huuzwa pamoja na lenzi ya milimita 18 hadi 55, ambayo ikiwa kwenye milimita 18 tundu lake hufunguka hadi f/3.5 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Kabla hujatoa shilingi, itoe nje usiku usio na mwezi, mbali na taa za mji, uifunge kwenye stendi ya miguu mitatu, uweke f/3.5, ISO 3200 (kipimo cha wepesi wa kihisio kwa mwanga) na shata ya sekunde 12 hadi 15 (muda wa kuacha mwanga uingie), kisha ulenge Njia Nyeupe, ule mkanda wa nuru unaokatiza anga. Kuanzia Juni hadi Septemba kitovu cha mkanda huo, kilicho upande wa kundinyota la Mshale, huwa juu saa za jioni na za usiku, na kwa bahati njema hiyo ndiyo miezi ambayo sehemu kubwa ya Tanzania na bara la Kenya haina mvua nyingi.

Picha utakazorudi nazo zitazame kwenye kompyuta, si kwenye kioo kidogo cha kamera ambacho hupendezesha kila kitu, na ujiulize kinachokuudhi ni kipi. Ikiwa ni chengachenga na rangi zilizofifia, unahitaji tundu kubwa zaidi. Ikiwa mkanda umekatwa au mlima haukuingia, unahitaji upana. Hayo ni maradhi mawili tofauti, na dawa ya moja haiponyi jingine; watu wengi waliojuta baada ya kununua lenzi walikuwa na maradhi ya kwanza wakanunua dawa ya pili.

Hatua ya pili: pima upana kwa shubiri

Nyoosha mkono mbele yako na utandaze vidole. Kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, yaani shubiri moja, ni takriban nyuzi 20 za anga, na ngumi iliyofungwa ni takriban nyuzi 10. Kutoka Salibu, yaani Msalaba wa Kusini, hadi kitovu cha Njia Nyeupe ni nyuzi 60 hivi, sawa na shubiri tatu. Sasa linganisha na lenzi. Kwenye kamera za APS-C za Nikon, Sony na Fujifilm, upande mrefu wa picha hubeba takriban nyuzi 66 kwa milimita 18, nyuzi 73 kwa milimita 16, na nyuzi 89 kwa milimita 12; kwa Canon, ambayo kihisio chake cha APS-C ni kidogo zaidi, punguza nyuzi mbili au tatu. Kwenye kihisio kamili, milimita 24 hubeba nyuzi 74 na milimita 14 hubeba nyuzi 104.

Hapa kuna jambo ambalo miongozo iliyoandikwa Ulaya haiwezi kukwambia, maana kwao halipo. Mjini London kitovu cha Njia Nyeupe hakipandi zaidi ya nyuzi 10 juu ya upeo wa macho, kwa hiyo mpiga picha wa huko hupata nchi na kitovu kwenye fremu moja bila taabu. Nairobi kinapanda hadi nyuzi 62 hivi, na Dar es Salaam hadi nyuzi 68. Maana yake ni kwamba kikiwa kileleni, anayetaka kukiweka pamoja na ukingo wa Ziwa Natron au miti ya Amboseli katika picha moja lazima asimamishe kamera wima na awe na lenzi inayobeba zaidi ya nyuzi 70 kwa upande mrefu. Milimita 18 haitoshi. Milimita 16 inatosha kwa kubana sana, na milimita 12 inatosha kwa raha. Njia nyingine, isiyo na gharama, ni kusubiri: kitovu kikishaanza kushuka magharibi, au kabla hakijapanda sana mashariki, hata milimita 18 itakibeba pamoja na ardhi, na mara nyingi picha ya namna hiyo hupendeza zaidi.

Nisingeshauri kukimbilia upana uliopita kiasi. Kwa milimita 10 Kilimanjaro huonekana kama kichuguu, na Njia Nyeupe hugeuka mstari mwembamba katikati ya giza tupu.

Hatua ya tatu: hesabu tundu kwa milimita

Namba ya f iliyoandikwa kwenye lenzi haisemi yote. Gawanya urefu wa fokasi, yaani zile milimita za lenzi, kwa namba hiyo, nawe utapata kipenyo halisi cha tundu ambalo mwanga wa nyota unapitia. Lenzi ya milimita 18 kwenye f/3.5 ina tundu la milimita 5.1. Lenzi ya milimita 16 kwenye f/1.4 ina tundu la milimita 11.4. Mwanga huingia kwa eneo la tundu, si kwa kipenyo, hivyo lazima kipenyo kizidishwe kwa chenyewe.

Lakini kuna upande wa pili wa mizani, nao ni muda. Dunia inazunguka, na kadiri lenzi inavyokuwa ndefu ndivyo nyota zinavyowahi kuchora mistari badala ya nukta. Kanuni inayotajwa sana ni kugawanya 500 kwa urefu wa lenzi uliozidishwa kwa 1.5 au, kwa Canon ya APS-C, kwa 1.6; jawabu ni sekunde. Kanuni hiyo ilikuwa ya enzi za filamu, na kwetu ni ya kulegea mno. Sisi tuliokaa karibu na ikweta tuna ikweta ya anga juu ya utosi, na nyota za eneo hilo ndizo zinazosogea kwa kasi kuliko zote, huku zile zilizo jirani na ncha za anga, ambazo wenzetu wa kaskazini huzipiga picha kwa utulivu, kwetu zimelala kwenye upeo wa macho ndani ya vumbi na ukungu. Kwa lenzi ya milimita 16 na sekunde 20, nyota ya utosini husogea kama milimita 0.023 juu ya kihisio, ambazo ni karibu pikseli 6 kwenye kamera ya APS-C ya megapikseli 24. Tumia 300 badala ya 500: kwa lenzi hiyo utapata sekunde 12 au 13, na nyota zitabaki nukta.

Ukiunganisha mambo hayo mawili unapata kipimo kimoja rahisi: chukua kipenyo cha tundu, kizidishe kwa chenyewe, kisha gawanya kwa urefu wa lenzi. Jawabu linakuambia ni mwanga kiasi gani lenzi itakusanya kutoka kila kipande cha anga kabla nyota hazijaanza kujiburuta. Lenzi ya milimita 18 yenye f/3.5 inapata karibu 1.5. Lenzi ya milimita 11 yenye f/2.8 inapata 1.4, na hapa ndipo wengi hushangaa, kwani wamenunua lenzi pana ya gharama na chengachenga katika mkanda wa Njia Nyeupe ni zilezile. Wamepata anga kubwa zaidi, hawakupata nyota bora zaidi. Milimita 14 yenye f/2.8 inapata 1.8, milimita 12 yenye f/2 inapata 3, milimita 16 yenye f/2 inapata 4, milimita 16 yenye f/1.4 inapata 8, na milimita 24 yenye f/1.4 inapata 12.

Na ile lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo kila mpiga picha wa harusi anayo mfukoni? Inapata 15, mara kumi ya lenzi iliyokuja na kamera. Tatizo lake ni wembamba: kwenye Canon ya APS-C hubeba nyuzi 25 tu, zaidi kidogo ya shubiri, na muda wake ni sekunde 4 hivi. Hata hivyo mtu asiye na fedha kabisa, lakini ana subira, anaweza kupiga safu za picha zinazopandana kwa theluthi moja na kuziunganisha kwa programu ya Hugin, ambayo ni ya bure. Nimeona kazi za namna hiyo zilizoshinda za lenzi za bei kubwa. Ni kazi ya kuchosha, nakiri.

Hatua ya nne: hakikisha itaingia kwenye kamera yako

Kosa hili hula fedha kuliko makosa mengine yote. Kamera za DSLR zina kioo cha kuakisi ndani, kwa hiyo lenzi hukaa mbali na kihisio: milimita 44 kwa Canon ya EF na milimita 46.5 kwa Nikon ya F (herufi hizi ni majina ya aina za kifungio cha lenzi). Kamera zisizo na kioo hicho zimeisogeza lenzi karibu sana, milimita 18 kwa Sony ya E, 20 kwa Canon ya RF na 16 kwa Nikon ya Z. Matokeo yake ni kwamba lenzi ya DSLR inaweza kuvalishwa kamera mpya kwa kutumia pete ya kati isiyo na kioo chochote, lakini lenzi iliyoundwa kwa kamera mpya haiwezi kwenda upande wa DSLR. Ukiwa na Canon 700D au Nikon D5300, usijisumbue na sifa za Sigma ya milimita 16 yenye f/1.4, haikutengenezwa kwa ajili yako. Vilevile lenzi za Canon za EF-S, zilizoundwa kwa kihisio cha APS-C, haziingii kwenye kamera za Canon za DSLR zenye kihisio kamili.

Kuna pia faida iliyojificha. Kamera za Nikon za ngazi ya D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi ndani yake, kwa hiyo lenzi za zamani za AF na AF-D zikifungwa humo hazijifokasi zenyewe, na hilo huwapunguzia wanunuzi. Wewe unayefokasi kwa mkono halikuhusu.

Hatua ya tano: chagua kati ya chache

Kwa mwenye DSLR ya APS-C, chaguo langu la kwanza ni Samyang ya milimita 16 yenye f/2, lenzi ya kuzungusha kwa mkono ambayo katika baadhi ya masoko huuzwa kwa jina la Rokinon. Isipopatikana, ndugu yake ya milimita 14 yenye f/2.8 ni rahisi zaidi kuipata iliyotumika, na ina faida ya kuingia pia kwenye kihisio kamili siku utakapobadilisha kamera. Kasoro yake maarufu ni kuipinda mistari iliyonyooka mithili ya masharubu, jambo ambalo nyota hazilionyeshi lakini ukingo wa bahari utalionyesha. Tokina ya milimita 11 hadi 16 yenye f/2.8 ni lenzi imara na inafaa kwa mtu anayepiga pia nyumba na mandhari mchana, ila kwa nyota pekee kipimo chetu kimeshaitolea hukumu. Mwenye Canon na bajeti ndogo sana aitazame pia EF-S ya milimita 24 yenye f/2.8, ambayo ilipotoka mwaka 2014 iliuzwa Marekani kwa dola 149. Si pana, lakini kipimo chake ni 3.

Kwa mwenye kamera isiyo na kioo cha kuakisi, uchaguzi ni mwepesi. Samyang ya milimita 12 yenye f/2 ndiyo ya upana, na Sigma ya milimita 16 yenye f/1.4, iliyoanza kuuzwa mwaka 2017 kwa dola 449, ndiyo ya mwanga. Kama fedha zinatosha, chukua Sigma, ukijua kwamba pete yake ya fokasi huendeshwa kwa umeme, na hivyo fokasi uliyoiweka inaweza kupotea ukizima kamera. Mwenye Canon ya RF yenye kihisio kamili ana lenzi ya milimita 16 yenye f/2.8, ya mwaka 2021, iliyoanzia dola 299. Bei hizi zote ni za huko. Juu yake weka usafirishaji na ushuru wa forodha, na mara nyingi utakuta lenzi iliyotumika inayouzwa hapahapa imekuwa nafuu zaidi.

Hatua ya sita: ikague kabla ya kulipa

Lenzi zilizotumika ukanda wa pwani zina adui anayeitwa kuvu. Joto na unyevu wa Mombasa, Tanga au Unguja huiotesha ndani ya vioo, hasa lenzi iliyokaa ndani ya mfuko wa ngozi kabatini. Fungua tundu lote, washa tochi ya simu upande mmoja na uangalie kwa upande mwingine, ukiinamisha lenzi polepole: nyuzinyuzi zinazofanana na utando wa buibui ndizo kuvu, na ukiziona rudisha lenzi kwa muuzaji kwa adabu. Vumbi chache halidhuru. Mikwaruzo midogo kwenye kioo cha mbele nayo haidhuru kama inavyotisha, na ni hoja nzuri ya kupunguziwa bei. Zungusha pete ya fokasi mwanzo hadi mwisho. Inapaswa kuwa nzito kidogo na laini, isiyolegea wala kukwaruza.

Kisha jaribu pembe. Lenzi pana za bei nafuu hutofautiana moja hadi nyingine hata zikiwa za aina ileile, kwa sababu vioo vyake wakati mwingine hufungwa kombo. Mimi nilinunua moja mchana kweupe, nikaridhika kwa picha mbili za barabarani, na nilipofika nyikani usiku nikakuta nyota za pembe ya kushoto ni ukungu mtupu huku za kulia zikiwa safi. Muuzaji hakuwa tena na habari nami. Tangu hapo hubeba karatasi ya foili yenye tundu la sindano. Ibandike juu ya tochi ya simu, iweke mwisho wa chumba chenye giza, funga kamera kwenye stendi, fungua tundu la lenzi lote, na upige picha nne huku ukiiweka ile nukta ya mwanga katika kila pembe, ukifokasi upya kwa mkono kila mara. Nukta katika pembe zote nne zinapaswa kufanana. Zikiota mabawa kama ndege anayeruka, hiyo ni kasoro iitwayo koma, ambayo karibu kila lenzi pana inayo kwa kiasi fulani na hupungua ukifunga tundu kidogo, kwa mfano kutoka f/1.4 hadi f/2, kwa gharama ya nusu ya mwanga. Lakini ikiwa pembe moja ni mbaya kuliko tatu nyingine, vioo vimefungwa kombo, na hapo hakuna dawa.

Hatua ya saba: usiku wa kwanza

Usiiamini alama ya umbali usio na kikomo iliyochorwa kwenye lenzi, kwani kwenye lenzi nyingi za bei nafuu imekaa mahali pasipo pake. Lenga nyota angavu, Shira (Sirius) au Suheli (Canopus) katika miezi ya Desemba hadi Aprili, Rijili Kantori (Alpha Centauri) katika miezi ya katikati ya mwaka, ikuze mara kumi kwenye kioo cha kamera, na uzungushe pete hadi nyota iwe nukta ndogo kuliko zote. Kwa lenzi ya kuzungusha kwa mkono, bandika kipande cha seloteipu juu ya pete ili isisogee. Piga picha kadhaa kwa tundu lililofunguka lote, nyingine kwa kulifunga hatua moja, na uone kwa macho yako pale ambapo pembe zinaanza kukuridhisha. Hapo ndipo utakapofanyia kazi siku zote na lenzi hiyo.

Karibu na alfajiri umande hutanda kwenye kioo cha mbele bila kukuaga, na picha hufifia taratibu hadi udhani ni mawingu. Kimulike kwa tochi kila baada ya nusu saa, na ukifika nyumbani usiifungie lenzi mfukoni ikiwa na unyevu: iache ikauke, kisha ihifadhi ndani ya chombo cha plastiki chenye kifuniko cha kubana pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.